Acha hali ya hewa ya London, nionyeshe omena

Nimekuwa nikitaka kuandika juu ya jambo hili tangu mwaka jana, lakini kila nikikaa chini najikuta ninajitetea. Leo nimepata wasaa na umeme upo (Kisumu ukipata vyote viwili jioni moja unashukuru), kwa hiyo nitajaribu kusema bila kujitetea.

Ninaandika programu katika kampuni ndogo hapa mjini, ambayo sitaitaja. Kwa sababu tuko wachache, mtu anayeandika programu ndiye huyo huyo anayesoma barua za wanafunzi wanaotafuta atachimenti, yaani zile wiki ambazo chuo kinamtaka mwanafunzi akafanye kazi mahali kabla hajahitimu. Barua zinatoka Maseno, zinatoka Bondo kwenye chuo kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga, zinatoka Kisumu National Polytechnic, na siku hizi hata Kakamega na Eldoret. Nafasi huwa mbili. Kila barua ina CV, na kila CV ina kiungo cha potifolio.

(Wengine husema jalada la kazi, wengine mkoba wa kazi. Mzazi yeyote mwenye mtoto katika mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini 2019, ameshalizoea neno lenyewe, maana ndilo lile faili linalotafutiwa gundi na maganda ya mahindi saa tatu usiku. Mimi nitaendelea na potifolio.)

Sasa niwaambie nilichokiona ndani ya hizo potifolio. Programu ya hali ya hewa, ambayo ukiifungua inaanza kwa kukuonyesha mvua ya London. Orodha ya kazi za kufanya leo. Kikokotoo. Nakala ya ukurasa wa mbele wa Netflix. Duka la viatu lisilo na mteja wala kiatu. Ukifungua mbili tatu unaona hata rangi ni zile zile, kwa sababu zote zimetoka kwenye somo moja la YouTube. Mwanafunzi mmoja alisahau kufuta jina la mwalimu wake wa YouTube chini ya ukurasa, na mwingine alikuwa amenakili kutoka kwa huyo aliyesahau, jina likiwa bado lipo.

Unaposoma barua kama arobaini za namna hiyo baada ya saa za kazi, unaanza kufuta haraka haraka. Kuna kijana mmoja, sitamtaja, ambaye nilimwondoa kwa muda wa kunywa mafunda mawili ya chai. Hali ya hewa, orodha, kikokotoo. London. Nikaenda kwa anayefuata.

Miezi sita hivi baadaye nilikuwa Dunga na wenzangu, Jumapili, tumeenda kula samaki. Pembeni yetu mama mmoja anayeuza omena alikuwa akibishana na mteja kuhusu deni. Mteja anaapa amemaliza, mama anasema bado. Mwishowe mama akamwita mwanawe, "Hebu niangalizie huyu." Kijana akatoa simu, akapekua kidogo, akasema, "Mama, alichukua gorogoro tano, mbili akalipa kwa M-PESA siku ya soko, na hiyo moja aliilipa mke wake. Zimebaki mbili." Mteja akanyamaza, kisha akacheka, kisha akalipa.

Nikasimama, samaki wangu nikamwacha akipoa. Nikamwambia kijana, samahani ndugu yangu, hebu nione hicho unachotumia. Akanionyesha huku akiona haya. Lilikuwa jedwali la Excel kwenye simu.

Niliangalia lile jedwali kwa nusu saa. Kwanza, halikuwa na kipimo kimoja cha gorogoro, lilikuwa na viwili: gorogoro iliyojaa mpaka kilele, na gorogoro iliyopanguswa kwa mkono ikawa sawa na mdomo wa mkebe. Nikamuuliza kwa nini. Akasema mwezi wa kwanza aliandika "gorogoro" tu, na hesabu haikukubali hata siku moja. Faida ilikuwa ikitoweka, na mama yake akaanza kumshuku msichana anayemsaidia kuuza. Ndipo akakaa ufuoni siku nzima kutazama, akaona wananunua kwa kipimo kimoja na kuuza kwa kingine, kutegemea kama mteja ni wa rejareja au ni wa kupeleka Kibuye. Hakuna aliyekuwa mwizi. Mkebe ulikuwa mmoja ila maana zilikuwa mbili.

Pili, malipo. Alikuwa akinakili ujumbe wa M-PESA na kuubandika mahali, fomyula ikichambua namba ya muamala, kiasi na jina. Lakini watu hulipiwa na mke, na mtoto, na mwenye bodaboda, kwa hiyo jina la ujumbe halikuwa jina la mwenye deni. Akaongeza safu moja aliyoiita "anayelipiwa". Tatu, alikuwa ametenga miezi ya Aprili hadi Julai, wakati uvuvi wa omena unafungwa na bei inapanda, ili mama asilinganishe faida ya Juni na ya Septemba akadhani biashara imekufa.

Jamani. Mimi nimesoma shahada ya sayansi ya kompyuta miaka minne, nimefanya mtihani wa hifadhidata, na somo la gorogoro mbili sikulijua mpaka nilipoingia kazini na kuharibu ripoti ya mteja kwa kosa lile lile: neno moja, vipimo viwili.

Nikamuuliza jina lake. Aliponiambia, nikakumbuka ile barua. Nikamuuliza kwa nini hili hakuliweka kwenye potifolio yake. Jibu lake silisahau: "Kaka, hiyo si programu. Hiyo ni Excel ya mama."

Atachimenti yake aliifanya katika ofisi moja ambako kazi yake kubwa ilikuwa kutoa fotokopi. Fomu yake ilisainiwa, chuo kiliridhika, wiki zile zikapita. Wengine watasema ni kosa lake, alikuwa na almasi akaonyesha kokoto. Mimi nadhani kosa ni letu zaidi, sisi tunaosoma. Ni sisi tuliomfundisha kwamba programu ni kitu kinachofanana na kile kilichoko YouTube, na kwamba kitu cha nyumbani ni aibu. Tukiandika kwenye tangazo "awe na potifolio yenye miradi isiyopungua mitano", tutapata mitano, yote ya London.

Kabla sijaendelea niseme ukweli ambao wauzaji wa kozi hawausemi. Kama uko kidato cha nne na unadhani potifolio itakuingiza chuo kikuu cha umma hapa Kenya, hapana. KUCCPS inapanga wanafunzi kwa alama za KCSE. Inaangalia kama umepata C+ au zaidi kwa digrii, inaangalia masomo yanayotakiwa na kozi uliyoomba, basi. Hakuna mahali pa kubandika kiungo. Unaweza kuwa umetengeneza roketi iliyoruka hadi kisiwa cha Mfangano na mfumo ule hautajua. Kwa hiyo soma hesabu na fizikia kwanza, tafadhali.

Nje ya nchi mambo ni tofauti. MIT, kwa mfano, wana sehemu katika maombi yao ambapo ukitaka unaweza kutuma potifolio ya vitu ulivyotengeneza mwenyewe, si lazima viwe vya kompyuta. Kamati nyingi za ufadhili huuliza kwa insha: ni tatizo gani uliliona katika jamii yako, na ulifanya nini? Hapo mwenye omena ana la kusema na mwenye London hana. Hata hapa hapa Kisumu, Zone01 hawaanzi kwa kuuliza digrii. Wanakupima kwa kukufanyisha kazi. Na baada ya chuo, kwenye ajira, potifolio inasomwa na watu kama mimi, waliochoka, wenye chai mkononi.

Mfano mkubwa tulionao mji huu haukutoka chuo kikuu hata kidogo. Mwaka 2017 wasichana watano wa Kisumu Girls, wakilelewa na mshauri kutoka LakeHub, walitengeneza programu ya simu waliyoiita i-Cut, ya kuwasaidia wasichana wanaokabiliwa na ukeketaji. Walijiita Restorers. Ukeketaji si desturi ya Waluo, lakini shuleni watu wanakutana kutoka kila mahali, na mmoja wao alieleza habari za rafiki yao aliyekeketwa na asirudi tena shule. Wakafika fainali za mashindano ya Technovation huko California. Mwaka 2019 Bunge la Ulaya likawaweka miongoni mwa waliofika fainali ya Tuzo ya Sakharov, ile ambayo mwaka huo alipewa Ilham Tohti.

Kinachokumbukwa na watu juu ya i-Cut ni vitufe vyake: kuomba msaada, kuomba kuokolewa, kuripoti, kupata habari, na kuchangia au kutoa maoni. Ni vitufe vitano tu. Mtu akiviangalia anaelewa mara moja nani atavibonyeza na akiwa katika hali gani. Tena Technovation haiombi msimbo peke yake. Timu inatakiwa ilete video ya kueleza tatizo, video ya kuonyesha programu ikifanya kazi, na mpango wa jinsi itakavyoendeshwa. Ukiangalia vizuri, hiyo ni potifolio kamili ya mradi mmoja. Mmoja, si mitano. Na uliwatosha kufika mbele ya Ulaya nzima.

Najua utaniambia si kila mtu atafika California. Sawa, wala sikuombi ufike. Nasema tu kwamba wale wasichana hawakuanza kwa kujiuliza "tutumie lugha gani ya programu". Walianza na rafiki yao. Na kijana wa Dunga alianza na mama yake aliyekuwa akimshuku msichana wa watu bure. Mimi nilipokuwa mwanafunzi nilianza na "React inalipa vizuri", na potifolio yangu ya kwanza, msicheke, ilikuwa na programu ya hali ya hewa.

Tena nilikuwa na kitu kizuri zaidi ambacho nilikipoteza. Kidato cha tatu tulipeleka mradi kwenye maonyesho ya sayansi ya shule za sekondari. Wenzetu wote walileta gugu maji (ukiwa shule ya karibu na ziwa, kila mwaka lazima kuwe na mradi wa gugu maji, ama biogesi ama karatasi), sisi tukaleta kengele inayolia tangi la maji likijaa, kwa sababu mlinzi wa shule alikuwa akilala na maji yakimwagika mpaka asubuhi. Ilifanya kazi. Bango letu liliishia nyuma ya maabara, mvua ikalimaliza. Sina picha hata moja. Miaka minne baadaye nilipoulizwa kwenye mahojiano "umewahi kutengeneza nini kilichotumiwa na mtu?" nilisema kengele, na nikaona kwenye nyuso zao kwamba hawakuniamini. Kama uko sekondari na mwaka huu unakwenda kwenye maonyesho ya KSEF au Young Scientists Kenya, azima simu ya mwalimu upige picha kumi. Piga pia picha ya kile kilichoshindikana.

Haya, tuseme sasa una kitu chako cha omena. Unakiwekaje mahali mtu akione?

Wengi wanakimbilia tovuti yenye nyota zinazoruka nyuma ya jina lao. Mimi naifungua kwenye simu, ndani ya matatu ya Kondele, kwa bando langu mwenyewe. Ikifika nusu dakika haijafunguka naifunga. Ukurasa mmoja mwepesi unatosha, na GitHub Pages wanakupa bure. Andika kwa maneno ya kawaida: nani alikuwa na shida, shida ilikuwaje, ulijaribu nini kwanza, kikaharibikia wapi, sasa nani anakitumia na mara ngapi. Weka picha. Halafu andika hayo hayo kwenye PDF ya kurasa mbili, kwa sababu ofisi nyingi anayefungua barua kwanza ni mtu wa rasilimali watu na hana habari na GitHub.

Sehemu ya "kikaharibikia wapi" ndiyo wengi wanaiogopa, na ndiyo mimi naisoma kwanza. Mwanafunzi akiniandikia kwamba hesabu haikukubali mwezi mzima kwa sababu ya kilele cha gorogoro, najua mambo mengi kwa mara moja: alikagua kazi yake, hakumlaumu mtu, alienda kutazama kwa macho, akarekebisha. Cheti gani kitaniambia hayo?

Kwa upande wa msimbo, kitu cha kwanza ninachoangalia GitHub ni historia, msimbo wenyewe unafuata. Git, ile programu aliyoiandika Linus Torvalds 2005, kazi yake ni kukumbuka kila hatua uliyohifadhi, lini, na ulisema nini ulipoihifadhi. Nikikuta hatua moja tu, mistari 4,000, ujumbe "mwanzo", najua kazi ilishushwa ikiwa imeiva. Nikikuta hatua nyingi ndogo ndogo, moja ikisema "gorogoro ya Kibuye ilihesabiwa mara mbili, nimerekebisha", ninaita watu waje waone. Lakini vile viboksi vya kijani vya GitHub, vinavyoonyesha umefanya kazi kila siku, mimi sivihesabu. Tarehe za Git zinatoka kwenye kompyuta ya mwandishi mwenyewe na zinaweza kuchezewa. Kuna programu kazi yake ni kupaka hivyo viboksi rangi tu.

Halafu kuna akili bandia. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, maelezo ya miradi yameanza kufanana kama sare za shule: kiroketi, alama ya tiki, "suluhisho bunifu na thabiti". Mimi mwenyewe ninaitumia kila siku kazini, kwa hiyo siwezi kumkataza mwanafunzi. Ila nikikuita kwenye mahojiano nitakuuliza kwa nini safu ya "anayelipiwa" ipo. Kama uliiweka wewe, utanijibu kabla sijamaliza swali, na pengine utanisimulia hadi habari za yule mke. Nisipopata hadithi, najua.

Sasa habari ya viungo vilivyokufa, maana inauma. Kwa miaka mingi wanafunzi wetu waliweka miradi yao Heroku kwa sababu ilikuwa bure. Tarehe 28 Novemba 2022 Heroku wakafunga huduma ya bure, na potifolio nyingi zikawa makaburi: unabonyeza, unapata ukurasa wa kosa. Mwaka 2025 Glitch nao wakaacha kuhifadhi miradi ya watu. Nina hakika kuna vijana walioomba kazi mwaka mzima bila kujua kwamba kiungo kwenye CV yao hakifungui chochote, na hakuna aliyewaambia, kwa sababu anayesoma hufuta tu (tazama hapo juu). Kwa hiyo chukua video ya dakika moja ya mradi ukifanya kazi, uihifadhi mahali pawili, na kila kabla ya kutuma barua fungua viungo vyako kwenye simu ya mtu mwingine. Simu yako inakudanganya, imekumbuka kurasa za zamani.

Na siri. Kama umejifunza kuunganisha M-PESA kwa kutumia Daraja ya Safaricom, usiweke funguo zako za siri ndani ya msimbo unaouanika hadharani. Nimezikuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Ukizifuta kesho haitoshi, kwa sababu Git inakumbuka jana. Lazima uzibatilishe utoe nyingine. Vivyo hivyo na majina na namba za simu za watu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini hata kabla ya sheria kulikuwa na adabu. Mtu anayedaiwa omena hakukubali deni lake lisomwe na mtu wa Nairobi anayetafuta mfanyakazi.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo naiheshimu, aliniletea mfanyakazi mwenzangu. Anasema hii habari ya potifolio yenyewe ni dhuluma: mtoto mwenye laptopu na intaneti nyumbani ana miaka mitatu ya miradi, na mtoto wa Nyalenda anayebeba debe za omena kila Jumamosi ana saa mbili za saiba. Tukipima kwa potifolio tunapima laptopu. Ana haki. Ndiyo maana sitaki kabisa kuhesabu miradi wala viboksi. Lakini mimi namwambia aangalie pia upande wa pili: mtoto wa laptopu ndiye aliyeniletea London, na mtoto wa debe ndiye aliyekuwa na jedwali. Kilichomkosesha nafasi si kukosa mradi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ule ni mradi. Daftari lililopigwa picha ni mradi, kama ndani yake kuna hesabu uliyoisumbukia na mtu aliyeitegemea. Excel ni mradi. Hatujakubaliana mpaka leo, mimi na huyo mwenzangu, lakini tumebadilisha fomu yetu. Zamani iliuliza "orodhesha miradi yako na lugha ulizotumia". Sasa inauliza "kuna mtu yeyote, hata mmoja, hata nyumbani, anayetumia kitu ulichotengeneza? Tueleze habari zake." Mara ya kwanza kuitumia tulipata mwenye ratiba ya zamu za wabeba mizigo, tukapata aliyemtengenezea shangazi yake wa saluni kitabu cha akiba ya chama, na tukapata wawili wa hali ya hewa ya Kisumu, ambayo ni hatua.

Yule kijana tulimaliza kumsaidia kuandika ukurasa wake mwezi uliopita, nyumbani kwao, mama yake amekaa karibu anachambua omena na anasikiliza kila kitu. Tulipofika kwenye picha ya jedwali akauliza, kwa sauti ya mtu ambaye tayari anajua jibu, kama mnataka kuwaonyesha wazungu madeni yangu. Tukamwambia hapana Mama, majina tutayabadilisha. Akasema basi atayachagua yeye. Kwa hiyo kwenye ukurasa ule wateja wote ni samaki: kuna Mbuta, kuna Ngege, kuna Fulu watatu wa deni dogo dogo, na yule wa ile Jumapili ya Dunga amepewa jina la Kamongo. Nimeambiwa amekopa tena.